Kola ya Mjerumani

Wanafunzi walimwita Mjerumani, ingawa Ujerumani yenyewe aliiona kwenye ramani tu. Alikuwa mchungaji na mwalimu wa theolojia chuoni kwetu, na miaka nenda miaka rudi alifundisha somo moja: jinsi wanafalsafa wa Kijerumani walivyoingia kanisani bila kubisha hodi. Mimi nafundisha Kigiriki, na nyumba zetu za chuo zimeshikana ukuta. Ninayoyajua juu yake niliyapata darasani kwake nilipokuwa mwanafunzi. Mengine nimeyasikia kupitia ukuta huo.

Darasani alikuwa mtamu. Alisema yupo mmoja aliyewaambia watu kwamba akili haiwezi kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Labda wamtafute kwenye wajibu wao. Wahubiri wa Kiprotestanti wakashika tama, sasa wahubiri nini? Akatokea mwenzao akasema dini si hoja wala si maadili, ni mtu kuhisi mpaka ndani kwamba hajiwezi, kwamba anategemea. Mwingine akadai hata Roho haijitambui mpaka ipitie kwa mwingine.

"Tangu hapo," alikuwa akisema, "hakuna mhubiri ambaye hawa hawajamgusa. Hata anayewatukana, anawatukana kwa maneno yao."

Tulicheka sana. Mkewe, Mama Mchungaji, akipita dirishani humwambia, "Waache watoto wakale. Hao Wajerumani wako hawaendi popote."

Mama Mchungaji alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi Mjerumani hakukanyaga tena kanisani. Darasani anafika, na shati lake la kawaida. Kwenye ibada haonekani. Kila Jumapili asubuhi nasikia maji, kabati linafunguliwa, kiti kinasogezwa, halafu kimya cha siku nzima. Watu nao hawakukosa la kusema: vitabu vimemmalizia imani. Lisemwalo lipo, wakaongeza, kana kwamba hiyo ni hoja.

Mkuu wa chuo, mtu mpole asiyependa kelele, akamfuata barazani. Mimi nilikuwa naanika nguo.

"Mzee wangu, wazee wa kanisa hawaniachi. Wanasema somo lako linatutolea wachungaji wasioamini, na mfano wanaoutoa ni wewe."

"Somo halina kosa."

"Basi Jumapili hii uongoze ibada, watu wakuone. Usipofika, sitakuwa na la kuwajibu. Tutalifuta somo lako."

"Nimesikia."

Basi, neno hilo tu. Nilipandwa na hasira pale kwenye kamba ya nguo. Mtu ana ulimi wa kuzungumzia Roho mpaka jua linazama, anashindwa kutoa sentensi moja ya kujitetea. Na asipokuwa na somo lile atabaki na nini ndani ya nyumba ile? Vikombe viwili na redio.

Jumapili nilisikia maji, kabati, kiti. Kisha kitu kidogo kikaanguka sakafuni kikabiringika. Kikaanguka tena. Kengele ya kwanza ikalia. Mara nikasikia hodi mlangoni kwangu.

Alikuwa amevaa shati jeusi la kichungaji, jasho linamtoka. Mkononi alishika kola nyeupe na kile kifungo chake cha nyuma.

"Bega hili limekaza tangu mwaka juzi," alisema. "Mkono haufiki kisogoni. Alikuwa ananifungia yeye, marehemu."

Nikaipokea kola na kifungo.

"Mzee, si ungegonga ukuta tu? Kinyozi hajinyoi."

"Nimefundisha kutegemea maisha yangu yote. Kumbe sijui kuomba."

"Au ungeenda hivyo hivyo, bila kola."

Akatikisa kichwa. "Nikienda bila kola, ndiyo nimewatangazia wote kwamba hayupo. Sikuweza."

Akanigeuzia mgongo. Shingo yake ilikuwa imekonda, na nywele za kisogoni zilikuwa ndefu, hapakuwa na mtu wa kumwambia. Vidole vyangu vilihangaika na kile kifungo mpaka kikaingia.

"Tayari, Mchungaji."

Hakusogea. Kengele ya pili ikalia, naye amesimama tu, ameelekea mlangoni. Nikadhani nimembana.

"Yeye akimaliza," alisema bila kugeuka, "alikuwa ananipiga bega."

Nikampiga bega, lile zima, taratibu. Akasimama kidogo tena, kisha akaenda.