Kinyozi Amwogesha Bintiye

Kinyozi huyu hawezi kushika kichwa cha mtu akanyamaza. Hata alipomwogesha bintiye mchanga kwa mara ya kwanza, mdomo haukupumzika: "Maji yako sawa, bosi? Inamisha kidogo. Hapohapo!" Mama mkwe alisimama karibu, tayari kumpokonya, maana mtoto yule akiona maji hulia mpaka majirani wabishe hodi. Safari hii, mtoto kimya. Kinyozi akamfunika taulo hadi shingoni, akampangusa kisogo, kisha mazoea yakamponza: akachukua kioo na kukishika nyuma ya kichwa. "Na huku nyuma, umeridhika?"

"Mwanangu, huyo hana hata nywele!" Mama mkwe akaangua kicheko.

Mtoto hakuwa na habari na kioo. Alimkodolea macho baba yake. Kinyozi, kichwa cha mtu kiganjani, furaha ikamjaa hadi kooni. Akakosa la kusema.