Kundi la Hospitali

Mwanangu alifariki mwezi wa pili, mvua zikiwa nyingi. Ilikuwa malaria. Alikuwa na miezi kumi na mmoja. Wiki mbili baadaye nilirudi darasani, kwa kuwa mwalimu wa Kiingereza pale shuleni nilikuwa mimi peke yangu.

Shule ilikuwa katika kijiji cha ujamaa kando ya Ziwa Nyasa. Mimi ni mtu wa Upareni. Nilipangiwa huko nilipotoka chuoni, na mume wangu, bwana shamba, akapangiwa Mbinga, juu milimani. Alikuwa akishuka kila mwisho wa mwezi. Watoto wa pale walizungumza Kinyasa nyumbani, na wale waliohamia kutoka milimani walizungumza Kimatengo. Kiswahili kilikuwa cha shuleni na kanisani. Kiingereza walikisikia kinywani mwangu tu, na kazi yao ilikuwa kurudia nilichosema, wote kwa pamoja, kama sala.

Siku niliyorudi nilisimama mbele ya darasa la saba, nikafungua kitabu, nikasoma sentensi moja. Ya pili sikuiweza. Sikuona tu sababu ya kuisoma. Nikaandika ubaoni: soko, posta, hospitali, shamba. Nikawaambia wajigawe watano watano, kila kundi lichague mahali pake na kuzungumza Kiingereza kama watu walioko huko. Kisha nikakaa.

Ningependa kusema nilikuwa na mbinu. Nilikuwa nimechoka kusema, basi.

Wao wakasema. Kundi la posta walitafuta barua iliyopotea. Kundi la shamba waligombana juu ya mpini uliovunjika, na mvulana ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia sauti akiwa peke yake alijitetea hadi jasho likamtoka. Walikosea karibu kila neno. Wiki ya tatu ya vipindi vya namna hiyo, mwalimu mkuu alisimama mlangoni.

"Mwalimu, mbona kelele?"

"Wanazungumza, mzee."

"Kiingereza?"

"Kiingereza."

Alisikiliza kidogo akaenda zake. Kesho yake alirudi na walimu wengine wawili waje waone.

Ijumaa moja zamu ilikuwa ya kundi la hospitali. Waliunganisha madawati mawili yakawa kitanda. Nesi alikuwa binti mrefu, mtoto wa mvuvi, aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani. Msichana mwingine alikaa chini kama mama, na juu ya kitanda walilaza sweta lililoviringishwa ndani ya khanga. Daktari wao akaja, akaligusa lile sweta, akatikisa kichwa, akaondoka. Nesi akainama.

"Mama, the child is die."

Yule mama akainua uso. "Thank you, nurse," akajibu.

Kijiji kizima kilikuwa kimekuja mazishini, na sasa darasa zima lilikuwa linanitazama.

"Siyo hivyo," nikasema. "Has died. Rudia."

Akarudia. Nikaliamuru darasa zima lirudie mara tatu, nao wakarudia, wengine wameinamisha vichwa. Sikuhisi kitu. Niliona vumbi la chaki kwenye vidole vyangu, nikalifuta kwenye sketi.

Baada ya kipindi nilimwita yule binti. "Nani amewafundisha kwamba mama ajibu asante?"

"Hakuna, mwalimu. Nilikuwepo hospitali siku ile. Nilikuwa namuuguza mdogo wangu, kitanda cha pili kutoka cha mtoto wako. Nesi alipokuambia, ulisema asante."

Mimi sikukumbuka.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Nyumbani. Amepona."

"Vizuri," nikasema, nikampa daftari lake.

Jioni mama yake alikuja nyumbani kwangu na mbasa wawili, samaki wa ziwa lile, amewafunga kwa majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Huyu mtoto amenieleza alichofanya. Naomba umsamehe."

"Hakufanya kosa, mama. Ni kitenzi tu."

Alinitazama usoni. Kisha akakaa kwenye gogo nje ya jiko langu na kuanza kulia, taratibu, akijifuta kwa ncha ya khanga yake. Alilia kwa muda mrefu. Sikujua mikono yangu niiweke wapi, kwa hiyo nilichukua kisu nikaanza kuwapaa wale samaki magamba. Alipomaliza kulia alininyang'anya kisu, akaendelea yeye.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Mbinga. Yule binti alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, tukapanda lori moja hadi mjini. Njia nzima alizungumza nami Kiingereza, habari za bweni, za masomo, za viatu alivyoambiwa awe navyo. Alikuwa anakosea kidogo tu. Nilimjibu kila alipouliza, nikiwa naitazama barabara.