Siku niliyofanyiwa usaili wa Kigiriki Tororo, baba amelala Busia

Habari zenu wakuu, na poleni na majukumu.

Kuna kijana humu aliandika kwamba sisi wazee wa mpakani tunajitungia historia, eti nani wa Busia alijua Kigiriki enzi hizo. Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo. Nimeamua kukaa chini nieleze. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na pale kumbukumbu inaponiacha nitasema wazi.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya ufundi mitambo kutoka Ugiriki. Nimeisomea kwa lugha ya wenyewe, si kwa Kiingereza cha kusaidiwa. Iko ukutani sebuleni, kwenye nyumba niliyoijenga bila mjomba waziri. Mgeni akiingia kwangu, huiona kabla hajaniona mimi.

Sawa, tuendelee.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera za Kenya na Uganda bado mpya. Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Baba yangu alikuwa seremala, na nyumba yetu ilijaa kazi ya mikono yake: meza, viti vya mkono, kabati, mpaka kigoda cha mama jikoni. Watu walikuja kutazama tu.

Kanisa letu la Kiorthodoksi likapata nafasi moja ya masomo Ugiriki. Moja. Sharti lilikuwa hili: padre mgeni angepita Tororo, upande wa Uganda, baada ya mvua, na mwombaji azungumze naye Kigiriki. Akishindwa, nafasi inakwenda kwingine.

Darasa la Kigiriki ungelipata wapi? Lakini huko huko Tororo, upande wa Rubongi, aliishi Mgiriki mmoja, fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba. Tulimwita Kirio Stavro, yaani Bwana Stavro. Mgane, mnene, mwenye kikohozi cha sigara. Baba alimpelekea kiti kama zawadi, akamwomba anifundishe. Jamaa akakikalia, akakitikisa, hakikulia hata kidogo.

"Hii kijana nakaa hapa kwangu," akasema. "Nafagia, nasoma."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kile chumba.

Wakuu, kilikuwa chumba cha huzuni. Dirisha lilifunguliwa nusu kwa sababu ya vumbi la kiwanda cha saruji kilichokuwa jirani. Kulikuwa na meza, kitanda cha chuma, sanduku la safari, taa ya mafuta, saa iliyosimama, na kioo kikubwa kilichofunikwa kitambaa cheusi tangu mkewe afariki. Hapakuwa na kitabu cha kufundishia. Chumba ndicho kilikuwa kitabu.

Kila asubuhi alinisimamisha katikati, akanyoosha kidole. Meza, to trapezi. Kiti, i karekla. Ukuta, o tihos. Mnaona? To, i, o: Kigiriki kina ngeli tatu tu. Mzungu akizisikia analia, lakini mimi niliyekua na m-wa, ki-vi, li-ya, ningeogopa tatu? Tofauti ni kwamba Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno, Kigiriki hubadilisha mkia. Ukisema kiti kiko kando ya ukuta, mkia wa ukuta unageuka. Ukisema miguu ya kiti, mkia wa kiti unageuka. Nilipolijua hilo nilienda mbio mpaka mwalimu akashangaa.

Alikuwa mkali kwa jambo moja. Ukieleza chumba, eleza kilichopo. Siku moja nilitia maua mezani ili sentensi ipendeze.

"Maua iko wapi?" akauliza.

"Nimeyaweka tu, Kirie."

"Wewe nasema uongo ndani ya nyumba yangu. Anza tena."

Nilipofika kwenye kioo akasema, "Hiyo taja jina, lakini kitambaa acha." Nikataja jina, nikaacha kitambaa.

Wakati nahamia kule, baba alikuwa ameanza kukonda. Alisema ni vumbi la mbao. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya usaili ikafika. Padre alitazamiwa asubuhi, lakini gari lake likanasa matopeni huko njiani. Nikiwa nimevaa shati la kuazima, namsubiri mlangoni, nikamwona baba mdogo anakuja kwa baiskeli, amelowa matope mpaka kiunoni. Hakusalimia.

"Kaka ametuacha jana alfajiri," akasema. "Tunazika leo saa tisa. Jua hili na hiyo hali yake, hatuwezi kumlaza tena. Panda nyuma."

Nikasema neno ambalo hakulitegemea.

"Baba mdogo, nipe muda kidogo. Padre yuko njiani, na leo leo anaendelea Kampala."

"Muda wa nini?"

"Wa kuzungumza naye. Baba mwenyewe ndiye aliyenileta hapa."

Akanitazama kutoka kiatu mpaka kola. "Baba yako amelala, wewe unataka kumtajia Mzungu majina ya viti? Udongo wa kwanza ni wa kifungua mimba. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi nitawaambia una kazi."

Akageuza baiskeli. Kwa miguu nisingewahi kufika Busia, na alijua. Nilimtazama mpaka alipopotea barabarani. Sikumwambia Kirio Stavro lolote. Nilihofia ataahirisha, na hapakuwa na siku nyingine.

Padre aliwasili jua likiwa utosini. Kijana, ndevu nyeusi, haraka nyingi. Tukakaa wote watatu katika chumba kile. Aliniuliza jina, umri, nikajibu. Nikadhani ataniambia nieleze vitu vinavyotuzunguka, maana hivyo nilivijua kama vidole vyangu. Lakini akasema kwa Kigiriki:

"Niambie kuhusu nyumba yenu. Chumba cha baba yako kikoje?"

Nikaanza vizuri. Meza iko katikati. Viti vinazunguka meza. Kabati liko...

Havikuwepo ndani siku ile. Kwetu mtu akifariki, chumba kinaondolewa kila kitu; viti na meza vinawekwa uani wakalie waombolezaji, na marehemu analazwa katikati, kina mama chini ukutani. Na kwa mwalimu huyu nilizoea kueleza kilichopo.

Nikaanza tena. Meza iko nje. Viti viko nje, chini ya jua. Kabati liko nje. Ndani hakuna kitu ila kitanda. Juu ya kitanda yuko baba yangu. Mama yangu amekaa sakafuni.

Padre akatabasamu. "Kwa nini vitu viko nje? Mnahama?"

Sikujua "msiba" kwa Kigiriki. Hakuna aliyewahi kuuonyesha kwa kidole.

Kirio Stavro alisimama. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akaniuliza kwa Kiswahili, "Lini?"

"Jana alfajiri."

Akamwambia padre maneno machache ya haraka. Tabasamu likatoka usoni mwa yule kijana. Akafanya ishara ya msalaba, akaandika jina langu, akasema nafasi ni yangu.

Mwalimu alinipakia kwenye gari la kiwanda. Barabara ilikuwa tope tupu, tukanasa mpaka saa tisa ikapita. Njiani alisema jambo moja tu.

"Siku ile mke yangu nakufa, watu ya kiwanda natoa viti yangu yote nje. Mimi nafikiri wezi. Mimi nachukua bunduki." Akakohoa. "Kumbe wao nalia."

Tulifika watu wakila. Kaburi lilikuwa limefunikwa, udongo bado mbichi. Uani waombolezaji walikuwa wamekalia viti vya baba, na hapakuwa na kimoja kilichobaki kitupu. Nilisimama.

Mama alinishika mkono. "Umepata?"

"Nimepata."

"Baba yako alikuwa anauliza," akasema, akarudi ndani.

Udongo wa kwanza alikuwa ameutupa baba mdogo. Kwa hiyo, kwa mila yetu, akashika nafasi ya baba, na nafasi hiyo haikunirudia. Nilirudi kutoka Ugiriki na diploma, nikatengeneza mashine za mji mzima, nikasomesha watoto wake wawili. Kwenye vikao vya ukoo waliendelea kuniita kusema mwishoni, baada ya wadogo zangu. Baba mdogo alipofariki, mwanawe akairithi nafasi hiyo.

Funzo kwa vijana wanaotaka lugha: acheni kukariri maneno makubwa. Simama chumbani mwako, eleza kilichopo mbele yako, kila siku, bila kudanganya. Utaijua.

Funzo la pili sijalipata vizuri. Ningeulizwa leo, ningeingia tena katika chumba kile, nifanye usaili ule ule. Hilo nalisema kifua mbele. Ila ukoo ulimzika mzee wangu bila mimi, na wao pia hawakukosea.

Wewe ungepanda ile baiskeli? Karibuni kwenye komenti, matusi nayasoma pia.