Hasira ya Mke wa Koplo

Kambini kwa polisi, jirani wa Mama Okwera huitwa mke wa koplo tu, maana bado hajapata mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Kila mwezi, damu ikikaribia, sufuria zake ndizo zinazotoa taarifa. Huzisugua kwa mchanga kana kwamba zimemwibia, humtukana mtangazaji wa redio, kisha hulia kwa sababu maharage yamegoma kuiva. Koplo, anayetuliza fujo mjini bila kupepesa jicho, siku hizo huvua buti nje na kuinama kuingia kibanda chao cha bati kama mshtakiwa. Damu ikishafika, mkewe hupita mlango kwa mlango akigawa chapati na kucheka.

Mwezi huu siku zilifika, sufuria zikanyamaza. Mbuzi wa Mama Okwera alitafuna leso ya mke wa koplo iliyoanikwa, mwenyewe akatabasamu tu, huku mikono yake ikikamua shati la mume mpaka kifungo kikaruka. "Mwanangu, unaumwa?" Mama Okwera akauliza. "Hapana, mama. Kila mara hasira ikikuja, damu inafuata nyuma yake. Sasa hasira nimeifungia mlango. Tuone damu itapita wapi."

Mama Okwera, aliyezaa mpaka akachoka, anajua damu haiombi hasira ruhusa. Alifungua mdomo amwambie. Akaufunga. Akaenda kumfunga mbuzi wake pia, kisha akapita mlango kwa mlango akinong'ona: ole wake atakayemuudhi yule mwanamke mwezi huu.