Mpiga banjo wa Isevya na ushauri anaoujutia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Eustace Kapela ameketi kwenye kigoda uani kwake, Isevya mjini Tabora, mikono yote miwili ikiwa ndani ya beseni la maji. Mbele yake amechuchumaa mkewe, Recheli, akiwa na kitambaa na kichupa cha mafuta ya kula.

Recheli anautoa majini mkono wa kushoto, anaukausha, kisha anaukagua kidole kimoja kimoja. Anapofika kwenye kidole cha mwisho anasita.

"Hapa umeungua."

"Lini?"

"Mimi nitajuaje, Baba Benjamini? Labda jana, kwenye kikombe cha chai."

Eustace anainama kuliangalia lengelenge kama anayeoneshwa jeraha la mtu mwingine. Hakusikia maumivu yoyote. Vidole viwili vya mwisho vya mkono huo vimekufa ganzi na vimejikunja kuelekea kiganjani, na hospitali imeshamwambia kwamba havitarudi.

Saa mbili atakuwa kibandani kwake, akishona viatu kwa mkono wa kulia na kuvishikilia kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka thelathini na moja. Lakini kuna watu, kuanzia Ujiji hadi Manyoni, ambao hawajawahi kukiona kibanda hicho na wanaifahamu sauti yake vizuri. Kwao yeye si fundi viatu. Ni mwalimu wa banjo.

Banjo lake lina nyuzi tano na ngozi ya mbuzi iliyobadilishwa mara nyingi. Alipewa mwaka 1988 na mwalimu mgeni wa misheni ya Moravian, ambaye Eustace, wakati huo kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akimfulia nguo. Mgeni huyo alipiga kwa ncha za vidole tu, bila kipande cha plastiki kama wanavyofanya wapiga gitaa wengi.

"Nilijifunza kwa kumwangalia," anasema Eustace, ambaye sasa ana umri wa miaka 59. "Gumba, shahada, gumba, kidole cha kati. Aliniambia kidole kimoja kisipige mara mbili mfululizo, kitachelewa. Siku ya kuondoka akaniachia banjo na daftari lenye nyimbo kumi na tisa."

Kwa miaka mingi alipiga peke yake, baada ya kazi, na kanisani siku za sikukuu. Mwaka 2017 mwanawe, Benjamini, alimnunulia simu na kumfungulia kundi la WhatsApp. Eustace aliliita Banjo la Msafara, kwa kuwa wanachama wake walikuwa wametapakaa kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi, kutoka ziwani kupita Tabora kuelekea pwani. Walifika watu hamsini na wanane.

Wengi walijiundia mabanjo yao wenyewe kwa duara la sufuria, ngozi ya mbuzi, na mshipi wa kuvulia samaki badala ya nyuzi za dukani. Kila Jumamosi alasiri Eustace aliwajibu maswali yao kwa ujumbe wa sauti. Mshipi wa unene gani unafaa? Ngozi ikilegea wakati wa masika ifanyweje? Kucha zikatwe au ziachwe?

"Nilikuwa na raha sana," anasema. "Mchana kutwa nashika viatu vya watu, jioni watu wananiita mwalimu."

Mwanafunzi wake bora alikuwa Paskazia Shilinde, mkulima wa pamba wa Ziba, wilayani Igunga. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Paskazia alipanga chumba Isevya akijifunza ushonaji, na kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Eustace. Waliketi chumba kimoja, magoti yakikaribiana, wakipokezana banjo hilo hilo moja. Aliporudi Ziba kuolewa, Eustace alimuundia la kwake.

"Huyu alinizidi," anasema. "Nampigia wimbo mara mbili, ya tatu ananirudishia ukiwa mzuri zaidi."

Juni 2021, Paskazia aliuliza swali kwenye kundi. Eustace hajalifuta. Anaishika simu kwa kiganja cha mkono wa kulia na kumsikilizisha mwandishi.

"Shikamoo mwalimu," inasema sauti ya mwanamke. "Vidole viwili vya mwisho vya mkono wangu wa kushoto siku hizi havisikii uzi. Nikibonyeza, sijui kama nimebonyeza mpaka niangalie. Nifanye nini?"

Kisha inasikika sauti ya Eustace, changamfu, yenye kicheko.

"Marahaba, mwanangu. Hongera! Hiyo ni sugu ya mpigaji. Ganzi ni cheti, asiyekuwa nayo bado anajifunza. Hata vyangu havisikii tangu mwaka jana. Wewe bonyeza tu, usiogope."

Wanachama zaidi ya thelathini walimpongeza Paskazia siku hiyo.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, mwanamke mmoja alipeleka kibandani viatu vya shule vya mwanawe. Eustace alikuwa akikata soli huku akizungumza naye.

"Namwambia njoo uchukue kesho, naona ananikodolea macho," anakumbuka. "Akasema, 'Fundi, unakata kidole!' Nikatazama chini. Kisu kilikuwa kimezama kwenye kidole changu na damu imejaa kwenye kiatu cha mtoto."

Hospitalini alipokewa na muuguzi aitwaye Theodora, ambaye baada ya kulifunga jeraha alimtaka avue shati. Mgongoni aliona baka lililopauka, ambalo Recheli alikuwa amelipaka dawa ya mba kwa miaka miwili. Muuguzi akachukua kipande cha pamba.

"Akaniambia, funga macho, baba, useme kila nikikugusa. Nikafunga. Nikangoja. Nikaona anachelewa, nikamwambia, sista, anza basi. Akasema, 'Baba, nimeshamaliza.'"

Ulikuwa ukoma.

Theodora alimweleza kwamba ugonjwa huo unatibika, kwamba dawa hutolewa bure, na kwamba akishaanza kuzimeza hataambukiza mtu. Alimweleza pia kwamba mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haitafufuka. Kisha akamuuliza kama anamfahamu mtu mwingine mwenye dalili kama zake. Eustace aliwafikiria watu wa nyumbani kwake, akajibu hapana.

Akiwa njiani kurudi nyumbani akamkumbuka Paskazia.

"Nilikaa chini pale pale, kando ya barabara. Nikaitafuta ile sauti kwenye simu. Nilijisikia nikicheka," anasema.

Namba ya Paskazia haikupatikana. Kesho yake Eustace alipanda basi hadi Nzega, akaunganisha na usafiri mwingine, akamalizia kwa pikipiki. Alimkuta Paskazia kwa mama yake, Josepha, si kwa mumewe. Upande wa mume ulikuwa umemrudisha miezi mitano kabla, wakisema ana laana. Kwa mumewe sahani yake ilikuwa ikiwekwa peke yake, na watoto wake wawili walikatazwa kulala naye.

Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimefungwa kitambaa na kilikuwa kikinuka. Uzi wa banjo ulikuwa umekikata, na kwa kuwa hakusikia aliendelea kupiga, akilima na kupika kwa mkono huo huo mpaka kidonda kikafika mfupani. Mganga alikuwa amekipaka dawa kwa nusu mwaka.

Eustace anasema hakuzungusha maneno. "Nilimwambia, mwanangu, huu ni ugonjwa, tunao wote wawili, na mimi ndiye niliyekuambia ni sugu."

Paskazia alimtazama. Aliyeanza kulia alikuwa Josepha. Kisha binti akasema maneno ambayo Eustace anayarudia sasa polepole, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mwalimu, mama aliniambia niende hospitali mwaka jana ule ule. Mimi nikamsikilizisha sauti yako."

Siku iliyofuata walikwenda hospitali wote watatu. Kidole kilikatwa. Cha kando yake kilikuwa kimeshajikunja na hakitanyooka. Eustace na Paskazia walimeza dawa kwa miezi kumi na miwili kila mmoja, wakamaliza, na wote wawili wametangazwa kupona. Recheli na watu wa nyumba zote mbili walipimwa na hawakukutwa na ugonjwa. Mume wa Paskazia aliambiwa hayo yote, akasema amesikia. Hakwenda kumchukua mkewe, na watoto amebaki nao.

Nani alimwambukiza nani? Eustace alimuuliza Theodora swali hilo mara tatu. Muuguzi alimjibu kila mara kwamba vijidudu vya ukoma hukaa mwilini miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, na hakuna kipimo cha kusema vilianzia wapi.

"Naziwaza zile Jumapili," anasema Eustace. "Chumba kidogo, banjo moja, watu wawili. Sipati jibu."

Aliporudi kutoka Ziba alimwambia mkewe kwamba atalieleza kundi zima.

"Nilimkatalia," anasema Recheli bila kuficha. "Nilimwambia, wewe meza dawa, nyamaza. Watu wa hapa wakisikia neno hilo nani atakuletea kiatu? Alinisikiliza siku mbili. Ya tatu nikamsikia anarekodi."

Katika ujumbe huo Eustace alijitaja jina, akautaja ugonjwa wake, na akasema ushauri alioutoa kuhusu ganzi ulikuwa wa uongo na umemuumiza mtu. Aliwaomba wote wenye vidole visivyosikia waende hospitali.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Godbless, mwanachama wa Urambo ambaye yeye na Eustace waliwahi kutembeleana. Kabla ya kujitoa aliandika: "Miaka yote hiyo umenilisha sahani moja na wewe." Hadi mwisho wa wiki kundi la watu hamsini na wanane lilibaki na kumi na saba.

Isevya nako habari zilifika. Dawa zilimfanya Eustace kuwa mweusi usoni, na watu wakaiona rangi hiyo kabla hawajaambiwa. Zamani alishona jozi kumi na mbili kwa siku. Siku hizi akipata nne anashukuru, na kwa mkono alionao hata hizo nne humchukua mchana kutwa. Kiti cha wateja mbele ya kibanda chake mara nyingi hakina mtu. Wapo wanaoviweka viatu chini na kusimama mbali.

Katika waliobaki kwenye kundi, mmoja alifuata ombi lake. Renatus, mlinzi wa ghala huko Manyoni, alikuwa na ganzi ya vidole vya miguu. Alipimwa, akakutwa na kisukari ambacho hakukijua, na sasa anatumia dawa. Hupiga simu kila mwezi kushukuru.

Ukimtajia Eustace habari hiyo, hachangamki. "Ni mmoja," anasema. "Nashukuru kwa ajili yake."

Bado anafundisha Jumamosi. Mkono wake wa kulia unapiga vizuri, kwa mpango ule ule wa gumba na shahada. Wa kushoto ndio uliobaki na vidole viwili vya kubonyeza. Mwaka jana alianza kuzikaza nyuzi kwa mtindo mwingine, ili zikipigwa wazi ziimbe zenyewe na vidole viwili vitoshe kwa yaliyobaki. Kati ya zile nyimbo kumi na tisa za daftari, ameshazigeuza saba.

"Siyo zangu," anasema. "Namwandalia Paskazia. Yeye ana vidole vilevile nilivyobaki navyo mimi." Amepanga kwenda Ziba Julai hii, pamba ikishavunwa.

Mwandishi alimkuta Paskazia shambani, akivuna pamba pamoja na mama yake, mkono wa kushoto ukiwa umevishwa soksi. Ana umri wa miaka 36. Alisimama, akaisikiliza habari ya zile nyimbo saba mpaka mwisho.

"Ameniomba aje, nimemwambia aje," alisema. "Ni mzee wangu, siwezi kumfungia mlango. Lakini mwambie sijasema kwamba nitapiga."

Eustace alifikishiwa maneno hayo kibandani kwake. Aliweka sindano chini.

"Ana haki," alisema. "Asipotaka kupiga, nitapiga mimi yeye asikilize. Asipotaka kusikiliza, nitawasaidia kufunga pamba, halafu nitarudi. Lakini Julai naenda."