Nilivyomlazimisha Mdogo Wangu Kuivuka Kanada Peke Yake

Kosa ni langu. Msinitafutie visingizio, maana nimeshajitafutia vyote na hakuna hata kimoja kilichonipa usingizi.

Mimi ni kifungua mimba wa watoto watatu. Wazazi walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikawalea wadogo zangu. Leo ni dereva wa familia moja hapa Doha, Qatar, upande wa Muaither. Anayenifuata, nitamwita Zawadi, ni muuguzi Kanada. Nilimsomesha mimi, na jamani, nilijivunia!

Mwaka huu Zawadi, aliyekuwa akiishi Toronto, alipata kazi Calgary. Akaamua kuhama kwa gari lake, na vyombo vyake vyote ndani. Mwenzake wa kazini, Kevin, Mkenya kama sisi, alikuwa akihamia hukohuko.

"Tutapokezana usukani, kaka. Ni siku tano hivi," Zawadi akaniambia kwa simu.

"Kevin ni nani kwetu? Ameleta barua ya posa?"

Akacheka. "Barua ya nini? Tunahama, hatuoani!"

"Na njiani mtalala wapi?"

"Vyumba viwili! Ama unataka nimfunge juu ya boneti?"

Sikucheka. Nilimwambia, "Mama angekuwa hai, ungemjibu hivyo?"

Akanyamaza. Nilijua atanyamaza. Tangu utotoni, nikiishiwa na hoja humtaja mama, na Zawadi hunyamaza. Ole wangu!

Akamwambia Kevin apande ndege. Yeye akaondoka peke yake.

Nami nilijiona bingwa wa barabara! Hapa ukitoka Al Wukair, kusini mwa Doha, ukaelekea kaskazini, saa mbili haziishi nchi imekwisha. Siku ya pili Zawadi akaniambia bado yuko mkoa uleule alioanzia. "Ni misitu na ziwa tu, kaka. Saa nzima sioni nyumba. Macho yananiuma."

Nikamwambia akaze moyo.

Siku ya tatu alifika mji wa Winnipeg, sauti imekwisha kabisa. "Kaka, nimechoka. Kevin yuko tayari kuja kwa ndege tumalizie pamoja. Niruhusu."

Mtu mzima, muuguzi, ananiomba ruhusa! Nikasema hapana. "Kunywa kahawa, uondoke alfajiri. Mimi miaka tisa naendesha, sijasinzia hata siku moja."

Kesho yake jioni nilikuwa Al Thumama, hapahapa Doha, nimeegesha gari, nawasubiri watoto wa bosi watoke kwenye masomo yao ya ziada. Kanada ilikuwa bado asubuhi. Simu ikalia, sauti ya mwanamume.

"Kaka, ni Kevin. Hospitali wamenipigia, Zawadi amepata ajali. Alisinzia, gari likatoka barabarani. Yuko hai, lakini nyonga imevunjika."

Barabara ya kule imenyooka, hata kona ya kumzindua haikuwepo! Gari lilibiringika mpaka katikati ya shamba la ngano.

Kevin alifika hospitali siku hiyohiyo. Mtu niliyemwona hatari ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Mimi, niliyejiita baba miaka yote, nilikuwa nimekaa kwenye gari la watu, siwezi hata kumshikia kikombe cha maji!

Kazi ya Calgary ilipotea. Mpaka sasa anatembea kwa magongo. Nilipompigia kumwomba radhi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Nimekusamehe, kaka. Ila sitakuomba ruhusa tena maishani."

Heri angenitukana! Siku hizi habari zake nazipata kwa kitinda mimba wetu, tena mambo yakiwa yameshapita.

Nyinyi vifungua mimba mliolea wenzenu nanyi mkiwa bado watoto, nawasihi. Ule msimamo uliowafikisha hapo mlipo, jueni kuulegeza. Wadogo wenu wamekua. Mimi, wangu alipokuwa njiani, nilitaka kujua atalala na nani. Sikumuuliza hata mara moja kama amelala.