Siku Niliyomfuata Mama kwa Pikipiki

Kabla ya ajali, barabara ya Arua kwenda Koboko niliijua kama uani kwangu. Nilikuwa nashona nguo Oli, mtaa wa mjini Arua, na kila nilipopata nafasi nilipanda boda kwenda kijijini Midia kumwona mama, ambaye hulima muhogo na karanga karibu na mpaka. Nilikaa nyuma ya dereva na kifurushi changu cha sukari na sabuni, nikaimba njia nzima.

Siku moja, tukitoka Koboko, mbuzi alikatiza mbele yetu. Dereva alimkwepa, pikipiki ikateleza, tukaanguka. Mguu wangu ulivunjika. Lakini mguu haukuwa kitu. Nikiwa bado nimelala kwenye lami, lori la mizigo lililokuwa likielekea Oraba mpakani lilinipita karibu sana, nikahisi joto la matairi usoni. Lilikwenda zake. Yale matairi yakabaki kichwani mwangu.

Mfupa uliunga. Daktari aliniambia nitembee, nami nilitembea: kitandani hadi kwenye cherehani, cherehani hadi kisimani. Barabara kuu sikuigusa. Honi ya lori ikilia kule juu, sindano ilinichoma kidole. Wateja waliniletea vitambaa nyumbani. Mama alipopiga simu nilimwambia nitakuja mvua ikikatika. Mvua ilikatika, ikanyesha tena, ikakatika.

Jirani yangu ni mjane wa mwanajeshi, mzaliwa wa Koboko. Kiswahili alikiokota kambini alipoolewa, na mpaka leo anakisema kama anaamrisha gwaride. Hukaanga samaki na kuuza mbele ya nyumba yake. Alinitazama miezi mingi, halafu asubuhi moja akaja na kapu tupu.

"Binti yangu, leo nakwenda soko. Mkono yangu inauma. Wewe utabeba hii kapu."

"Mama, mguu wangu..."

"Mguu iko mzima. Naona wewe unacheza na watoto hapa. Kitu ingine ndiyo iko mgonjwa. Haina aibu. Bwana yangu alirudi kutoka vita, akawa analala chini ya kitanda. Mwanaume mkubwa vile!"

Sikuwahi kumsikia mtu akitaja jambo kama hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja homa. Nikamuuliza mumewe alipona vipi.

"Mimi nililala naye huko chini," akasema. "Siku moja akachoka na vumbi, akapanda juu."

Tulicheka sote wawili, nikachukua kapu. Tulipofika barabarani lori likapiga honi, nami nikageuka mbio. Hakunikaripia. Aligeuka pamoja nami, na siku hiyo hakuuza samaki. Kesho yake alirudi na kapu lilelile. Tulisimama ukingoni, mkono wangu ndani ya mkono wake, tukayatazama magari yakipita kama watu wanaotazama mto. Sijui ni asubuhi gani hasa tulivuka. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa tunabishana juu ya bei ya nyanya, na niliponyamaza nikajikuta niko upande wa pili.

Baadaye yule dereva wa boda alikuja kuniona. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akaomba radhi. Nikamwambia mbuzi hakuwa wake. Akaketi, akasema kwamba tangu siku ile hajaendesha. Pikipiki yake ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa kaka yake, na yeye alikuwa akifyatua matofali ya watu.

"Nikilala, nasikia ile lori," alisema.

"Na mimi," nikamjibu. Nilikuwa nimedhani ni mimi peke yangu duniani.

Jirani, aliyekuwa akipaa samaki pale uani, aliinua kisu. "Sasa nyinyi wawili mnaogopa kitu moja. Hiyo pikipiki iko na kosa gani?"

Kijana alicheka. Kisha akanigeukia. "Dada, mimi angalau niliona ile mbuzi. Wewe uliona mgongo yangu tu. Ukishika usukani mwenyewe, utaona barabara."

Maneno hayo yalinikaa usiku kucha. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikijiuliza kama nitaweza tena kubebwa. Sikuwahi kujiuliza kama ninaweza kuendesha.

Tulianzia kwenye uwanja wa shule wakati wa likizo. Yeye alizunguka kwanza, taratibu, midomo imekauka, na aliporudi macho yake yalikuwa na machozi. Kisha zamu yangu. Niliachia klachi haraka mno nikaingia kwenye shamba la muhogo. Watu waliokuwa wakipita wakaangua kicheko, na jirani akawafokea: "Nani anataka kujaribu? Kuja hapa!" Hakuja mtu. Niliinua pikipiki, nikapiga kiki tena.

Nilikuwa nimeshapata leseni mama aliponipigia simu. Hospitali ya Arua ilikuwa imempangia siku ya kufanyiwa upasuaji wa macho.

"Sitaletwa na mtu mwingine," alisema. "Sioni vizuri. Nataka kushika mtu wangu."

Nikakopa pikipiki ya yule kijana. Jirani akapanda nyuma, kwa kuwa alitaka kuwasalimia ndugu zake Koboko. Njiani lori likatokea mbele yetu, limejaza barabara. Nilipunguza mwendo, nikasogea kando, nikaliangalia mpaka likapita. Nyuma yangu jirani hakukatiza hadithi yake ya harusi ya mpwa wake hata kidogo. Nilimshusha mjini, nikaendelea peke yangu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya karanga. Alisikia injini ikizimwa, akaja akipapasa.

"Nani amekuleta?"

"Nimejileta, mama."

Alishika usukani, akashika kiti, akashika mikono yangu. Akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka mashambani. Tulipoondoka aliomba nipite mbele ya kanisa polepole, ingawa haikuwa njia yetu, naye akawaita kwa majina wote aliowatambua kwa sauti ili waone.

Macho yake yalipona. Yule kijana amerudi kwenye kazi yake ya boda. Mimi nimenunua pikipiki yangu, na sare za shule ninazoshona huzipeleka mwenyewe hadi Oraba, katikati ya malori yaliyopanga foleni kuingia Kaya, ng'ambo ya mpaka. Mwili bado hushtuka honi ikilia karibu. Haunizuii. Jumamosi hii wanawake wawili wa Oli wananisubiri uwanjani niwafundishe, na mmoja tayari ameniambia kwamba anaogopa sana. Nimemwambia aje hivyohivyo.